Nyamizi na Meza ya Rangi ya Papai

Kaeni vizuri. Kunjeni miguu, fungueni masikio. Anayetaka kumshika mwenzake mkono, amshike sasa hivi, maana hadithi hii ina mashine.

Nyamizi aliishi Sikonge na mama yake. Nyuma ya nyumba yao kulikuwa na karakana. Ndani yake kulikuwa na mbao, misumari, gundi, na maranda laini kila mahali.

Mama yake Nyamizi alikuwa seremala. Alitengeneza vitanda. Alitengeneza makabati. Alitengeneza hata viti vya harusi.

Nyamizi aliipenda karakana. Aliyarusha maranda juu, yakamwangukia kichwani. Alinusa mbao mpya mpaka akapiga chafya.

Kitu kimoja tu hakukipenda. Hakuipenda mashine ndogo ya kukatia kingo.

Mashine hiyo ilikaa juu ya rafu. Kisu chake kilichungulia kwa chini. Ikiwashwa, ililia hivi:

WIIIIIIIII!

(Wewe unayesoma, usione haya. Lia kwa nguvu. Watoto wanakusubiri.)

WIIIIIIIII!

Nyamizi akiisikia, mbio! Alikimbilia jikoni, akajificha nyuma ya pipa la maji. Moyo wake ulipiga. Du, du, du! Du, du, du!

"Mashine haina miguu," Mama alimwambia. "Haiwezi kukufuata."

"Lakini ina meno," Nyamizi akasema.

Mama akafikiri kidogo. "Hapo umesema kweli," akasema. "Meno inayo."

Nyamizi alikuwa na mwanasesere. Hakuwa na nywele. Hakuwa na nguo. Alikuwa kipande cha ufito tu, chembamba, cha mviringo.

Lakini alikuwa na macho mawili na mdomo mdogo. Nyamizi alivichora mwenyewe kwa penseli ya Mama. Jina lake lilikuwa Bi Mwembamba.

Bi Mwembamba alikula na Nyamizi. Alioga na Nyamizi. Alilala na Nyamizi, shuka moja.

Siku moja Mama alikuwa na kazi kubwa. Alikuwa anatengeneza meza ya chekechea. Ndiyo, ile chekechea anayosoma Nyamizi!

Watoto wa chekechea hawakuwa na meza. Walikunywa uji wakiwa chini, mkekani. Vikombe vilipinduka. Kuku nao walikuja kudonoa, bila hodi.

"Tunataka meza!" watoto walisema.

"Mtapata meza," Mwalimu Getruda alisema. "Chagueni rangi."

Watoto wote walitaka rangi ya papai. Papai lililoiva, si bichi.

Basi juu ya meza Mama angebandika fomaika ya rangi ya papai. Unaijua fomaika? Ni nyembamba. Ni ngumu. Inang'aa. Ubao huvaa fomaika kama wewe unavyovaa shati.

Fomaika hiyo ilitoka mbali, Tabora mjini. Ilikuwa moja tu. Dukani haikubaki nyingine.

Mama alipiga mstari kwa rula. Akaukwaruza mstari kwa kisu. Kwaru, kwaru, kwaru.

Kisha akaikunja fomaika kidogo. KWATU!

Nyamizi akaruka. Bi Mwembamba akamponyoka, akaanguka kwenye maranda.

"Imekatika tu, mwanangu," Mama akasema. "Tazama ilivyofuata mstari."

Nyamizi hakutazama. Alikuwa amefumba macho. Moyo wake ulipiga. Du, du, du! Du, du, du!

Mama akapaka gundi juu ya ubao. Akapaka gundi nyuma ya fomaika. Akasubiri, gundi ikakauka kidogo.

"Gundi hii haina mchezo," Mama akasema. "Ubao na fomaika vikigusana tu, basi. Havitengani tena."

Kwa hiyo Mama hutumia fito. Hupanga fito juu ya ubao, halafu hulaza fomaika juu ya fito. Fomaika ikikaa sawa, huzitoa fito mmoja mmoja.

Lakini leo ufito mmoja haukuonekana. Mama akainama. Akapapasa kwenye maranda. Akaokota ufito mfupi.

Mama alikuwa na haraka. Hakuyaona macho. Hakuuona mdomo.

Mmemjua aliyeokotwa? Ni Bi Mwembamba!

Mama akamlaza katikati ya ubao, ncha moja ikitokeza ukingoni, pamoja na fito nyingine. Akalaza fomaika juu yao. Akaishusha mashine kutoka kwenye rafu, akaiweka kando ya meza.

Mara sauti ikatoka nje. "Hodi! Wenyewe mpo?"

Alikuwa Mwalimu Getruda.

"Karibu, Mwalimu!" Mama akaitika. Akamgeukia Nyamizi. "Nyami, narudi sasa hivi. Usiguse kitu. Umesikia?"

"Ndiyo, Mama."

Mama akatoka. Nyamizi akabaki na mashine.

Haikuwa na umeme. Haikuwa na sauti. Ilikaa tu pale, inamtazama.

Nyamizi akatafuta kwenye maranda. "Bi Mwembamba? Uko wapi?"

Akatafuta huku. Akatafuta kule. Kisha akainua macho.

Chini ya fomaika, katikati ya upande mmoja wa meza, kichwa kidogo kilichungulia. Kilikuwa na macho mawili na mdomo.

Na pembeni yake ilikuwapo mashine yenye meno.

Mashine ya kukatia kingo hupita ukingoni. Na kichwa cha Bi Mwembamba kilikuwa hapohapo, ukingoni!

"Itamkata," Nyamizi akanong'ona. "Itamkata kichwa."

Maskini Nyamizi! Hakujua kwamba fito hutolewa kwanza, ndipo mashine iwashwe. Angejuaje? Hakuwahi kuiona kazi hiyo mpaka mwisho. Mashine ikilia, yeye yuko nyuma ya pipa.

Alifungua mdomo amwite Mama. Sauti haikutoka. Nje, Mama na Mwalimu walikuwa wanazungumza.

"Kesho meza itakuwa tayari?" Mwalimu aliuliza.

"Itakuwa tayari," Mama alijibu.

"Usiniangushe, Mama Nyamizi. Watoto wameshaambiwa."

Moyo wa Nyamizi ulipiga. Du, du, du! Du, du, du!

Akamshika Bi Mwembamba kichwani. Akavuta. Hakutoka.

Akavuta tena. Hakutoka.

Akavuta kwa nguvu zake zote. FYOOO! Bi Mwembamba akatoka.

Fomaika ikaenda upande. Ikabonyea katikati. Ikasema: TAP!

Mmesikia? Fomaika imegusa ubao.

Nyamizi akaishika kwa kucha. Akaivuta juu. Haikutoka. Akavuta tena, kucha zikamuuma. Gundi haikuwa na mchezo kweli.

Fomaika ilikuwa imekaa upande. Hata mtoto wa miaka minne angeona.

Nyamizi akawafikiria watoto wenzake mkekani. Akawafikiria kuku. Akamfikiria Mama, aliyesema meza itakuwa tayari.

Akamficha Bi Mwembamba ndani ya gauni. Akaingia chini ya benchi, nyuma ya gunia la maranda. Akajikunja, akawa mdogo, mdogo, mdogo.

Ndala za Mama zikasikika. Pata, pata, pata. Zinakuja. Pata, pata, pata. Zimefika mlangoni.

Zikasimama.

"Mungu wangu!" Mama akasema. "Fomaika yangu!"

Nyamizi akauma midomo.

"Nyami? Uko wapi?"

Nyamizi hakuitika.

"Atakuwa amekimbilia jikoni," Mama akajisemea. "Basi ni upepo. Upepo umeingia mlangoni, ukaisukuma."

Chini ya benchi, Nyamizi akafikiri hivi: Ndiyo, Mama. Ni upepo. Upepo ni mbaya sana.

Wewe je, ungesema nini? Usijibu haraka. Subiri kwanza.

Mama akaanza kuzitazama fito. Huu hapa. Huu hapa. Huu hapa. Akainama, akachungulia.

"Ule mfupi uko wapi?" Mama akasema. "Ulikuwa hapa katikati."

Akatazama chini ya meza. Haupo. Akatazama juu ya rafu. Haupo.

Mama akajishika kichwa. "Umeteleza ndani," akasema. "Umenasa humo katikati."

Mama akaketi juu ya kigoda. Kisha akasema taratibu, "Ukibaki humo, meza itakuwa na nundu. Vikombe vyote vitamwagika. Hakuna njia. Lazima niivunje fomaika."

Nyamizi akafumbua macho makubwa.

Aivunje? Ile ya rangi ya papai? Ile moja tu?

Mama akachukua patasi. Akachukua nyundo.

Ufito haukuwa ndani ya meza. Ulikuwa ndani ya gauni la Nyamizi. Nyamizi peke yake ndiye aliyejua.

Nikinyamaza, Nyamizi akawaza, meza itavunjwa. Nikisema, Mama atakasirika. Pengine atakasirika sana. Pengine hatanipenda tena.

Moyo wake ulipiga. Du, du, du! Du, du, du!

Mama akaiweka patasi ukingoni. Akainua nyundo.

"MAMA, USIVUNJE!"

Sauti hiyo ilitoka chini ya benchi. Ilikuwa kubwa kuliko Nyamizi mwenyewe.

Nyundo ikasimama hewani. Nyamizi akatoka kwa magoti, maranda yamejaa kwenye nywele.

"Ufito haumo," akasema. "Ninao mimi. Si upepo, Mama. Ni mimi niliyevuta."

Halafu akalia. Alilia kwa sauti, makamasi nayo yakaja.

Mama akaishusha nyundo. Akaiweka chini.

Nyamizi alimtazama Mama. Mama alimtazama Nyamizi. Kimya hicho kilimtisha Nyamizi kuliko mashine.

"Nipe huo ufito," Mama akasema.

Nyamizi akamtoa Bi Mwembamba ndani ya gauni. Mama akampokea. Akamgeuza. Akayaona macho. Akauona mdomo.

"Huyu ni nani?" Mama akauliza.

"Ni Bi Mwembamba. Ni mtoto wangu."

"Na kwa nini ulimvuta?"

"Mashine ingemkata kichwa."

"Nyami," Mama akasema, "fito zote hutolewa kabla mashine haijawashwa. Hukujua?"

"Sikujua," Nyamizi akasema. "Mimi huwa nakimbia."

Mdomo wa Mama ukataka kucheka. Mama akauzuia. Akaketi chini kwenye maranda, karibu kabisa na Nyamizi.

"Nilikuambia usiguse," Mama akasema. "Wewe ukagusa. Hilo ni kosa lako."

"Ndiyo, Mama."

"Na mimi nilimchukua mtoto wako bila kumtazama. Hilo ni kosa langu. Unisamehe, mwanangu."

Nyamizi alishangaa mpaka kilio kikakatika katikati. "Hujakasirika?"

"Nimekasirika," Mama akasema. "Nimekasirika kidogo. Na nakupenda sana. Vyote viwili vinakaa humu humu." Akajigusa kifuani.

Kisha akamfuta Nyamizi makamasi kwa kitenge.

"Mama," Nyamizi akanong'ona, "meza imeharibika?"

"Sijui," Mama akasema. "Twende tukaone. Tukiuona ubao kwenye kona yoyote, imeharibika. Fomaika ikifunika kona zote, imepona."

Wakaenda kwenye kona ya kwanza. Mama akamwinua Nyamizi.

"Ubao unaonekana?"

Nyamizi akatazama. "Hauonekani."

Wakaenda kwenye kona ya pili.

"Ubao unaonekana?"

"Hauonekani."

Wakaenda kwenye kona ya tatu.

"Ubao unaonekana?"

"Hauonekani."

Ikabaki kona ya mwisho. Ilikuwa ile ambapo fomaika imekwenda upande kabisa. Nyamizi hakutaka kwenda. Mama naye alikwenda polepole.

"Ubao unaonekana?" Mama akauliza.

Nyamizi akasogeza uso. Akatazama kwa jicho moja. Akatazama kwa jicho la pili. Fomaika ilikuwa imeuzidi ubao kidogo, kidogo sana, kama punje ya mchele.

"Hauonekani," akasema. "Mama, hauonekani!"

Mama akashusha pumzi ndefu. Akambusu Nyamizi kichwani, akala maranda mawili matatu.

"Imepona kwa nini?" Nyamizi akauliza.

"Kwa sababu huwa naikata fomaika iwe kubwa kuliko ubao," Mama akasema. "Kila upande naacha ziada."

"Ya nini?"

"Mkono hukosea, Nyami. Kwa hiyo naacha nafasi ya kukosea."

"Mkono wako pia?"

"Wangu ndio kabisa!"

Mama akazitoa fito zilizobaki, mmoja mmoja, kuanzia katikati. Nyamizi akabonyeza fomaika kwa viganja. Mama akabonyeza kwa viganja. Bonyeza, bonyeza, bonyeza. Haikuwa na nundu hata moja.

"Sasa ziada ikatwe," Mama akasema.

Nyamizi akaacha kubonyeza. Alijua ziada hukatwa na nani.

"Ukitaka kwenda jikoni, nenda," Mama akasema. "Sitakucheka."

Nyamizi akatazama jikoni. Pipa lilikuwa palepale. Akatazama meza. Alitaka sana kuiona ile kona ya mwisho.

"Nitasimama mlangoni," akasema kwa sauti ndogo. "Lakini nitaziba masikio."

"Ziba. Na usipite kizingiti."

Mama akavaa miwani ya kazi. Akachomeka waya. Nyamizi akambana Bi Mwembamba kwapani, akaziba masikio.

WIIIIIIIII!

Miguu ya Nyamizi ikataka kukimbia. Moyo wake ulipiga. Du, du, du! Du, du, du! Nyamizi akaegemea mlango, akabaki.

Mashine ikapita ukingoni. Ziada ikaanguka chini, vipande vyembamba vya rangi ya papai. Ikafika kona ya kwanza. Ikafika kona ya pili. Ikafika kona ya tatu.

Ikafika kona ya mwisho. Wi! Ilikata kidogo tu, kwa sababu hapakuwa na zaidi.

Mama akaizima. Kukawa kimya.

"Njoo uone," Mama akaita.

Nyamizi akaja. Meza iling'aa. Ukingo ulikuwa umenyooka, na fomaika haikuonekana tena kuwa imekwenda upande.

"Mama," Nyamizi akasema, "bado naiogopa."

"Iogope tu," Mama akasema. "Mimi pia naiogopa. Unadhani kwa nini naishika kwa mikono miwili?"

Nyamizi hakujua kwamba Mama huogopa. Alikaa akilifikiria jambo hilo muda mrefu.

"Lakini siku nyingine ukiogopa, niite," Mama akasema. "Hata nikiwa na mgeni."

"Hata akiwa Mwalimu?"

"Hata akiwa mkuu wa wilaya."

Kesho yake meza ikaenda chekechea juu ya mkokoteni. Watoto walipiga makofi njia nzima. Kuku walikimbia.

Watoto wakaketi kwenye viti. Mwalimu Getruda akamimina uji. Vikombe vikapangwa juu ya meza ya rangi ya papai, vikatulia.

Isipokuwa kikombe cha Masele. Masele alikuwa mdogo kuliko wote. Alinyoosha mkono, akakigonga. PWAA! Uji ukasambaa mezani.

Watoto wote wakaacha kunywa. Meza mpya! Siku ya kwanza!

Masele akamtazama Mwalimu. Kidevu chake kikaanza kutetemeka. Akateremka polepole kwenye kiti, akaingia chini ya meza.

Nyamizi akamwona anavyojikunja, anavyokuwa mdogo, mdogo, mdogo.

Nyamizi naye akaingia chini ya meza. Akaketi karibu yake kabisa.

"Moyo unapiga?" akamuuliza.

Masele akatikisa kichwa kusema ndiyo. Alimshika Nyamizi mkono, akauweka kifuani pake. Du, du, du! Du, du, du!

"Twende tukaseme," Nyamizi akasema. "Twende wote."

Wakatoka wawili. Masele akasema, kwa sauti ndogo kabisa, "Mwalimu, ni mimi."

"Haya," Mwalimu Getruda akasema, akawapa kitambaa.

Wakafuta. Shwaa, shwaa, shwaa. Fomaika ikang'aa tena. Uji haukuacha hata alama.

Masele akaitazama meza. Akamtazama Nyamizi. Kisha akamnyooshea Mwalimu kikombe chake, akaomba uji mwingine.

Walipomaliza kunywa, Mwalimu akatandika mkeka, watoto wakalala usingizi wa mchana. Masele alilala kwanza. Nyamizi akamfunika miguu, akalala pembeni yake.

Na ninyi sasa lazeni vichwa. Atakayeamka akiogopa, aite. Tupo hapa.